Mama, Mbwa Ameshakula

Nilirudi kuishi na mama huko Mollo mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imeanza kuuma. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Mbeya. Majirani walikuwa wamemkuta mama asubuhi akielekea kwenye shamba ambalo tuliliacha tangu baba alipofariki, kavaa kitenge kimoja tu na upepo unavuma. Walipomuuliza anakwenda wapi, alisema anawahi kupalilia. Mahindi yalikuwa yameshavunwa.

"Wewe ndiye uko karibu," kaka akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepanga chumba mjini Sumbawanga, nikishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Mume sina tena, na mwanangu mmoja yuko chuoni, mbali. Nikapakia cherehani kwenye guta, na godoro juu yake, nikaenda.

Mama alinipokea vizuri. Alinijua, akanitania kwamba nimenenepa. Lakini kilichonenepa nyumbani pale kilikuwa mbwa.

Mbwa yule alikuja akiwa mdogo wa kubeba kwa mkono mmoja, mwaka ule baba alipofariki. Alitoka Kaengesa, kwa mama mmoja ambaye mama yangu alikuwa akiimba naye kwaya. Mwenyewe wa rangi ya udongo, kifua cheupe, sikio moja limechanika. Mama alimlea kwa uji wa ulezi. Kwetu mbwa hula kinachobaki, na kama hakijabaki kitu, huenda kujitafutia. Mama alimpikia kwenye sufuria yake, akawa na bakuli lake. Watu walicheka. Yeye akawa anawaambia, "Analinda nyumba yangu, halafu nimpe makombo?"

Kwa hiyo nilipomwona mnene nilidhani ni matunzo. Niliweka cherehani barazani, nikaanza kazi, na kwa kuwa cherehani haikuniruhusu kwenda popote, nikaanza kuona. Mama anatoka jikoni na bakuli, mbwa anakula, mama anarudi ndani. Kabla sijamaliza kushona mkono wa shati, anatoka tena na bakuli.

"Mama, mbwa ameshakula."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Nani kampa?"

"Umempa wewe, mama."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mwongo ambaye hataki kumwaibisha. Akaweka bakuli chini. Siku moja nilihesabu, ikafika mara saba, na sikuhesabu alichompa mama jirani, mjane tuliyepakana naye, aliyekuwa akimrushia mifupa ya kuku juu ya ua kwa roho nzuri kabisa.

Kila siku nilijibu lile swali. Ameshakula? Ameshakula, mama. Nilikuwa nikijibu huku nashona, bila kuinua kichwa, na mara nyingine sikujibu. Mdogo wetu wa mwisho alifariki kwa surua akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa shuleni, nalala bwenini, sikuwepo. Nilisikia tu kwamba siku zake za mwisho alikataa kula, na mama alizunguka naye mgongoni na kikombe cha uji mkononi, kila anayekutana naye anamuuliza, ataanza lini kula huyu mtoto. Sijui kama ndicho kilichokuwa kimerudi. Mama hakuwahi kulizungumza jambo lile mbele yangu, na wakati huo alikuwa hawezi tena kuniambia.

Mwezi wa nane mbwa akashindwa kupanda ngazi ya baraza, ngazi moja tu. Alitanguliza miguu ya mbele, ya nyuma ikakataa. Akasimama hivyo, nusu juu nusu chini, ananiangalia kwa aibu. Alihema kwa ulimi nje wakati sisi tumevaa masweta. Jioni alitapika mara mbili.

Kesho yake nikamwita afisa mifugo wa kata, msichana mdogo tu, mhitimu wa juzi kutoka chuo, mwenye buti za mvua na mkoba wa dawa. Alimwamkia mama shikamoo kwa kupiga goti, akachuchumaa karibu na mbwa, akapitisha vidole ubavuni.

"Natafuta mbavu," akasema. "Mbwa mwenye afya ukimpapasa hivi unazihisi mbavu, hata kama huzioni. Huyu nabonyeza na sizipati. Magoti yanabeba mbwa wawili."

Akauliza anakula nini na mara ngapi. Nikamweleza. Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, anasikiliza kama habari za mtu mwingine. Daktari akaniambia mbwa mzima anatosheka na milo miwili, asubuhi na jioni, chakula cha kupimwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kabisa, kwa kuwa inapasuka ikawa kama sindano tumboni. Magunzi pia, yanaziba utumbo. Vitunguu hapana. Maji yabadilishwe kila siku. Akampa dawa ya minyoo, akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akaondoka na pikipiki yake.

Mchana ule ule nikiwa napiga pasi, nikasikia bakuli. Nikatoka. Mama alikuwa amemwekea ugali mkubwa na juu yake mifupa ya kuku.

Sijui nilikuwa nimechoka kiasi gani. Nilimpokonya bakuli mkononi, chakula kikamwagika, nikapiga kelele: "Unamuua! Mama, unamuua kwa mikono yako mwenyewe!"

Mama aliutazama ugali pale chini. Akachuchumaa, akaanza kuokota ugali kwenye vumbi, kipande kwa kipande, anaurudisha kwenye bakuli. Kisha akaniuliza kwa Kifipa, kwa sauti ndogo, nani amekufa.

"Hajafa mtu, mama."

"Umesema amekufa."

Nikajaribu kumweleza, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Akaenda ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge cheusi kiunoni na kingine kichwani. Akatandika mkeka barazani, akakaa miguu ameinyoosha, mikono mapajani, kama tunavyokaa msibani, akawa anawasubiri watu.

Nilibembeleza, nikaleta chai. Hakugusa. Alitazama njia. Mama jirani alipopita na ndoo yake ya maji aliona hali ile, akatua ndoo, akavua viatu, akaja akakaa kwenye mkeka ubavuni mwa mama. Hakuuliza kitu. Akamwambia tu, "Pole, dada." Mama akaitikia, "Tumeshapoa." Wakakaa hivyo mpaka jua likaanza kupoa, na mimi nikaenda nikakaa nao kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa. Mbwa alikuja akalala miguuni mwetu. Mama akainuka mwenyewe, akasema anaona baridi.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata yule msichana ofisini kwake. Nikamwambia ukweli kuhusu mama, na kuhusu nilichokifanya. Hakunisuta. Alifikiri, akazungusha kalamu.

"Usimnyang'anye bakuli," akasema. "Kazi ya kulisha mwachie. Wewe shika kipimo. Asubuhi pima chakula cha siku nzima, weka kwenye chombo kimoja chenye mfuniko, na chochote atakachopewa mbwa kitoke humo. Akipewa mara kumi, mara kumi ndogo. Tumbo la mbwa halihesabu mara, linahesabu wingi."

Kisha akaniuliza kama mbwa ana kazi yoyote.

"Kazi gani? Analala."

"Pua ya mbwa inataka kazi. Akimeza bakuli kwa dakika moja, siku yake imeisha, anabaki kuomba kingine. Mfichie chakula, akitafute. Dakika ishirini za kunusa zinamchosha vizuri kuliko unavyodhani."

Nikarudi nyumbani nikatafuta gunia la mkonge lililokuwa likiwekwa maharage. Nikalifua, nikalianika. Mabaki ya vitambaa vya sare nilikuwa nayo tele, bluu, kijani, na ile kahawia ya shule ya bweni. Nikayakata vipande virefu kama kiganja, nikavishonea kwenye gunia safu kwa safu, vinaning'inia, mpaka gunia likawa na manyoya kama kondoo. Nililitandika mapajani mwa mama, nikampa kibakuli cha dagaa.

"Tumfichie mbwa," nikamwambia kwa Kifipa.

Alielewa mara moja, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Alichukua dagaa mmoja, akainua kitambaa, akamsukuma chini kwa kidole gumba, akafunika. Akachukua mwingine. Dagaa wale nilikuwa nimewalowesha na kuwaosha mpaka chumvi na mchanga vikaisha. Kulikuwa na vidonge vya ugali wa dona pia, vidogo kama punje ya njugu, na boga la kuchemsha nililolikata vipande. Ilimchukua karibu asubuhi nzima. Mbwa alikaa mbele yake wima, ametega sikio lake zima na lile lililochanika. Tulipolitandika gunia chini aliingiza pua yake humo, akafukuafukua, akapiga chafya, mkia unakwenda. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nifike.

"Anapalilia," akasema.

Hiyo ndiyo ikawa miezi yetu mizuri. Asubuhi, jua likishatoka, tulikwenda watatu mpaka kwenye mikaratusi na kurudi, polepole kwa sababu ya mama na kwa sababu ya mbwa. Nilizoea kutomvuta. Akisimama kunusa kichaka, nasi tunasimama, na mama alikuwa mvumilivu kuliko mimi. Tukirudi anapumzika kwanza, halafu tunamletea chakula. Siku za gulio nilinunua utumbo au maini kidogo, nikachemsha bila chochote. Mama aliendelea kuuliza kama mbwa amekula, nami nikaacha kubishana. Nilifunua chombo, nikampa vidonge viwili, akaenda akampa. Mama jirani nilimweleza habari ya mifupa, akashika mdomo.

"Jamani, na mimi nilidhani nampenda!"

"Ulikuwa unampenda, mama. Mpe boga."

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, mbwa alipanda ngazi bila kufikiri. Daktari alipita siku moja akitokea kwenye ndama wa mtu, akampapasa ubavu, akamshika mama mkono akauweka pale.

"Bibi, zisikie mbavu hizo. Hii ni kazi yako."

Mama alizipapasa muda mrefu. Usoni alikuwa na ile sura aliyokuwa nayo zamani baba akimsifia shamba mbele ya wageni.

Baada ya Krismasi Kiswahili kilianza kumtoka. Kilitoka kinyume na alivyokipata, cha mwisho kwanza. Maneno ya kanisani yalibaki, salamu zikabaki, mengine yakaenda, akabaki na Kifipa chake cha utotoni ambacho maneno yake mengine hata mimi sikuyajua. Kaka akipiga simu, mama alisikiliza sauti, akanirudishia simu kwa adabu. Kwenye gunia vidole vyake vilianza kupotea. Aliinua kitambaa akasahau alichokuwa akitaka kuweka. Wakati mwingine aliweka dagaa mdomoni mwake. Nilimwacha.

Mwezi wa tatu, asubuhi yenye ukungu mpaka jiko halionekani, mama alitoka barazani akamkuta mbwa amelala mlangoni pake, mahali alipolala siku zote. Akapiga yowe. Nilitoka mbio, nikamkuta ameshika mwiko.

"Mbwa wa nani huyu?"

"Wako, mama."

"Mfukuze! Ataniuma!"

Mbwa alikuwa ameinuka kwa furaha kama kila asubuhi, akamsogelea. Mama akampiga mwiko wa uso. Hakubweka. Alilala kifudifudi, masikio chini, akamtazama, kisha akatambaa kidogo kumwendea tena. Mama akampiga mara ya pili, na sasa alikuwa akilia kwa hofu, hofu ya kweli, ya mtoto. Nilimkumbatia mama nikamwingiza ndani. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa kuku.

Nilidhani ni siku moja. Haikuwa siku moja. Kila alipomwona ilikuwa mara ya kwanza, na kila mara aliogopa vile vile. Ilinibidi nifanye ambalo hatukuwahi kulifanya katika nyumba ile, nikamfunga mbwa kamba nyuma ya jiko. Nilimjengea banda la mbao na bati, nikamwekea nyasi kavu. Nilimpeleka kwenye mikaratusi peke yangu, mapema, kabla mama hajaamka. Gunia nililijaza mimi. Alilinusa, akala, akamaliza, kisha akageuka akakaa akiangalia kona ya nyumba ambako mama angetokea. Daktari alinifundisha vingi, lakini hilo hakuwa na dawa yake. Nilimuuliza, akasema, "Mpe muda wako tu, mama. Kaa naye." Nilikaa naye, lakini hakuwa akinisubiri mimi.

Mama naye akaacha kula. Nilimpikia uji wa ulezi mwepesi, nikaugawa vikombe vidogo, nikampa kidogo mara nyingi, na nilijua nimejifunza wapi kufanya hivyo, na kwa kulijua hilo niliona haya peke yangu jikoni. Alichokishika mkononi hakukipeleka mdomoni. Kipande cha kiazi alikichomeka kwenye mkunjo wa blanketi, akakifunika, akakipapasa juu. Jioni nilipokung'uta blanketi viliniangukia miguuni, kiazi, mkate, punje za mahindi.

Alifariki mwezi wa tano, saa nane mchana, watu wakiwa mashambani wanavuna. Padri alikuwa amempaka mafuta siku mbili kabla. Nilikuwa nimemshika mkono na mama jirani amemshika mwingine. Sikumwomba msamaha kwa siku ile ya bakuli. Nilikuwa nimepanga kumwomba, nikawa nasubiri asubuhi ambayo angenielewa, na asubuhi hiyo haikuja. Watu wananiambia alikuwa ameshasahau. Najua alikuwa ameshasahau.

Kabla ua halijajaa waombolezaji, mama jirani alimfungua mbwa akamchukua kwake bila kuniambia, akafunga mlango, asije akarushiwa mifupa na watu wasiojua. Nilikuja kumkumbuka siku ya tatu, ndugu walipoanza kutawanyika. Nikaenda kumchukua. Aliingia uani mbio, akazunguka nyumba mara mbili, akapanda barazani, akanusa chini ya mlango wa mama kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Nikaufungua. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro limetolewa nje kuanikwa. Alinusa kila pembe, akatoka, akalala mlangoni. Hakuna wa kumfukuza tena. Siku mbili hakugusa chakula. Siku ya tatu nilimletea supu ya maini ya vuguvugu, nikakaa chini kando yake bila kumsemesha, akalamba kidogo.

Sikuweza kukaa Mollo. Wateja wangu wako mjini, na nyumba ninayopanga ina wapangaji watano na ua mmoja, mwenye nyumba hataki mbwa. Nilimwomba, akakataa, na simlaumu. Nilikwenda kwa mama jirani nikiwa na chombo chenye mfuniko, gunia, na maneno mengi. Nikaanza kumweleza, asubuhi kiasi hiki, jioni kiasi hiki, asile mara baada ya kutembea. Akaniacha niseme kidogo, kisha akanishika bega.

"Mwanangu, nimepakana na mama yako miaka yote hiyo. Unadhani nilikuwa siangalii?"

Sasa ninakwenda Jumapili, baada ya misa, nisipokuwa na sare za watu. Ana afya. Anakwenda shambani na mama jirani kila asubuhi, amekuwa mzee kidogo, mdomo umeanza mvi. Akiniona anakuja mbio, anazunguka magoti yangu, ananilamba mikono. Kisha mama jirani akisogea tu, hata kama anafuata kuni, ananiacha, anamfuata.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kama bado anakwenda kulala mlangoni kwetu.

"Alikuwa anakwenda," akasema. "Siku hizi haendi."

"Basi vizuri," nikamjibu.

Na ni vizuri, nilimaanisha. Nilipanda bodaboda, na upepo wa barabarani ulikuwa mkali, nikajifunika uso kwa kanga. Dereva akauliza kama ninasikia baridi sana, apunguze mwendo. Nikamwambia hapana, aende tu.